Kadi ya Sauti au Sauti ya Ndani ya Kompyuta? Tulivyomrekodi Somo Wetu Kariakoo



Leo hatukuleteeni mshono mpya wala namna ya kusaga liwa. Tunaleta habari ya kompyuta, na tunaomba msitukimbie, kwa sababu ndani yake mna fedha za watu, mna shangazi yetu, na mna kosa letu moja ambalo mpaka leo likitajwa tunatazamana tu.

Sisi ni mawifi wawili. Tuna chumba cha ushonaji Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Sikukuu, na kazi yetu kubwa ni nguo za harusi: gauni za ndoa, shela, abaya za kuingilia ukumbini, madera ya siku ya singo. Mmoja anakata, mwingine anadarizi. Haya tuliyaamua pamoja na tukayagombania pamoja, kwa hiyo tunayaandika pamoja.

Shangazi yetu yuko Unguja, naye ni somo. Amefunda wari kwa zaidi ya miaka 40. Binti akikaa mbele yake hutoka na mambo ambayo hayamo kwenye kadi ya mwaliko: twahara, adabu ya ndani, namna ya kusema na mama mkwe, pahala pa kunyamaza na pahala pa kutonyamaza. Hajapata kuandika hata ukurasa mmoja. Yote yamo kifuani.

Shaaban moja alivuka bahari kuja kutazamwa macho, akakaa kwetu Ilala siku tisa. Wakati huohuo binti mmoja wa ukoo wetu alikuwa anaolewa Maskat. Mama yake alikwishatangulia mbele ya haki, na huko aliko hakuwa na mtu wa kumfunda kwa lugha yake na kwa mila yake. Akatuomba: kama shangazi hawezi kufika, basi sauti yake ifike.

Shangazi alikubali kwa masharti mawili. Sauti yake isikilizwe na wanawake tu, na isirushwe kwenye magrupu ya simu. "Mambo ya unyumba ni sitara," alisema. "Mie nafunda mtu, sifundi mji."

Kwa sababu ya masharti hayo tuliogopa kutumia simu. Simu inapigwa katikati ya maneno, inashikwa na watoto, na kitu kikishaingia humo hakikawii kutoka. Tukasema tutatumia kompyuta yetu ya kutunzia picha za mishono, ile sipiyu nyembamba ya mtumba ambayo haina hata intaneti, kisha tutatia kwenye flashi na flashi itasafiri mkononi mwa mtu tunayemjua.

Usiku wa kwanza

Tuliazima maiki ya madrasa, ile nzito ya chuma inayotumika kwenye maulidi. Tukatafuta waya wa kuunganishia, tukachomeka kwenye tundu la mbele la sipiyu, tukamwambia shangazi, "Bismillahi, sema."

Akasema karibu nusu saa. Tuliposikiliza tulitaka kulia. Sauti yake ilikuwa mbali kama ya mtu anayesema akiwa ndani ya mtungi, na nyuma yake mafuta yanakaangwa, shshshsh, hayakomi. Chini kabisa mlikuwa na mvumo mzito kama wa friji kuukuu. Na kila fundi wa chumba cha pili alipokanyaga cherehani yake ya umeme, kwetu ilisikika trrrr katikati ya nasaha.

Shangazi aliuliza, "Imetoka?" Tukamjibu, "Kesho tutarudia, shangazi, mashine imetuchezea." Hatukuwa na uso wa kumwambia kwamba nusu saa yake imekwenda bure. Siku zilikuwa zimebaki sita.

Mtaa wa Aggrey

Asubuhi tukashuka Mtaa wa Aggrey, ambako ukikosa kitu cha umeme basi hujakitafuta. Kijana wa dukani alitusikiliza dakika moja akatoa hukumu. "Mama zangu, tatizo ni hiyo sauti ya ndani. Ile ya madabodi inakuja bure, na cha bure mnakijua. Mnahitaji kadi ya sauti."

Akatuwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa kadi ya kuchomekwa ndani ya sipiyu, ina matundu matano ya rangi rangi na boksi lake limeandikwa 7.1 kwa herufi kubwa. Shilingi 185,000. Ya pili ilikuwa kisanduku cha chuma cha kukaa nje, kinaunganishwa kwa waya wa USB, kina tundu la maiki ile nzito na kitufe cha kuongezea sauti. Shilingi 260,000. Ukutani palikuwa na kibao: mali ikiuzwa hairudishwi.

Hapa tusimame kidogo tueleze hiyo kadi ni kitu gani, kwani siku ile tulikuwa tunaitikia tu kwa kichwa.

Maiki inageuza sauti kuwa umeme mdogo sana. Kompyuta haijui umeme huo, inajua hesabu tu. Kwa hiyo lazima pawe na kitu cha kuukuza ule umeme, halafu kuupima mara nyingi kwa kila sekunde na kuandika kila kipimo. Kwa sauti ya kiwango cha CD ni vipimo 44,100 kwa sekunde moja. Unapocheza, kazi inageuzwa: hesabu zinarudishwa kuwa umeme, umeme unaingia spika. Kifaa kinachofanya kazi hizo ndicho tunachokiita kadi ya sauti.

Zamani kompyuta nyingi zilikuja bila kifaa hicho, zina kengele tu ya kulia piip. Mtu akitaka sauti alinunua kadi akaichomeka. Iliyovuma sana ni Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore, iliyotoka mwaka 1989. Baadaye watengenezaji wakaiingiza kazi hiyo kwenye madabodi yenyewe kwa chipu ndogo. Intel walitoa utaratibu wake wa kwanza mwaka 1997 na mwingine bora zaidi mwaka 2004. Leo karibu kila kompyuta utakayoinunua Kariakoo, mpya au ya mtumba, ina chipu hiyo ndani, mara nyingi ya Realtek ya Taiwan. Hiyo ndiyo "ya bure" aliyoidharau yule kijana.

Kwa hiyo swali letu halikuwa kuwa na kadi au kutokuwa nayo. Kadi tulikuwa nayo. Swali lilikuwa je, hiyo tuliyonayo ndiyo mbovu?

Hatukuuliza swali hilo. Tulirudi chumbani tukatazama droo.

Fedha zilizokuwa kwenye droo

Ndani ya droo mlikuwa na shilingi 400,000 ndani ya bahasha yenye jina la biharusi wa Buguruni. Zilikuwa za lasi na bitana ya gauni lake. Alizileta kidogo kidogo kwa miezi mitatu, mara 30,000, mara 50,000, na kila mara alisubiri tuandike daftarini ndipo aondoke. Kununua lasi tulipanga Jumatatu.

Mmoja wetu akasema: tuchukue 260,000, tununue kile kisanduku leo. Alhamisi kuna mteja anamalizia malipo ya abaya sita, tunarudisha, lasi inanunuliwa Jumatatu, na hakuna atakayejua. Shangazi hatarudi tena Dar mwaka huu. Tena si anasa, ni elimu ya dini na ya ndoa.

Mwingine akasema: fedha hizi si zetu.

"Tunajua si zetu. Tunaziazima siku nne."

"Umemuuliza mwenyewe?"

Tukanuniana tangu Dhuhuri mpaka Alasiri, kila mtu na cherehani yake. Anayeshona kwa hasira anajulikana, sindano zilivunjika mbili.

Tunaandika hili kwa urefu kwa sababu tunajua si sisi peke yetu. Wangapi kati yetu tunaoshona, tunaopika keki, tunaopamba kumbi, tunashika fedha za watu na tunazizungusha? Leo ya Asha inanunua kitambaa cha Mwajuma, kesho ya Mwajuma inalipa kodi. Tunaiita mzunguko wa biashara. Lakini aliyekupa fedha ya lasi amekupa amana ya lasi, na amana haibadiliki kwa sababu jambo ulilotaka kulifanya ni la kheri. Mteja wa Alhamisi angeweza kufiwa, angeweza kuumwa, angeweza kusema abaya hazikumpendeza. Na sisi tungekuwa tumemrekodi shangazi akifunda uaminifu kwa fedha tulizozichukua bila idhini.

Bahasha ikarudi mahala pake. Ilibaki shilingi 45,000 ya matumizi yetu wenyewe.

Tulichokigundua bure

Jioni tulimwendea kijana aliyetuuzia ile sipiyu, ana meza yake kwenye korido ya jengo la jirani. Tulimtajia ile kadi ya 185,000 akacheka kwa adabu. "Dada zangu, ile haiingii humo. Sipiyu yenu ni ile nyembamba. Inataka kadi fupi. Mngeirudisha wapi?"

Tukakumbuka kibao cha ukutani, tukasema alhamdulillah.

Akaja chumbani na hedifoni zake, akatufundisha kupima kabla ya kununua. Tunakuandikieni alivyofanya, kwa sababu mtu yeyote anaweza.

Kwanza alirekodi ukimya. Hakuna anayesema, maiki imechomekwa, dakika moja. Halafu akasikiliza. Ile shshsh ilikuwemo, na ule mvumo ulikuwemo.

Akachomoa pini kwenye tundu la mbele akaichomeka kwenye tundu la waridi la nyuma. Akarekodi tena ukimya. Sehemu kubwa ya ile shshsh ikapungua. Akaeleza: tundu la mbele linaunganishwa na madabodi kwa waya mrefu unaopita ndani ya sipiyu, karibu na feni na kisanduku cha umeme, na njiani unaokota kelele. Matundu ya nyuma yamo kwenye madabodi yenyewe.

Akatwambia tuzime cherehani zote na tumwombe jirani azime yake. Ile trrrr ikaondoka. Baadhi ilikuwa inapita hewani, na nyingine inapita kwenye umeme, kwani sote tulikuwa tumechomeka kwenye soketi moja yenye matawi matano.

Kisha akagusa spika zetu kubwa, zile za amplifaya. Amplifaya ilikuwa kwenye soketi ya ukuta mmoja na kompyuta kwenye ukuta mwingine. Akazileta zote kwenye soketi moja. Ule mvumo mzito wa chini ukatulia. Umeme wetu wa TANESCO unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti huku vinakula umeme sehemu tofauti, mvumo wa huo umeme huingia kwenye sauti. Tahadhari hapa, dada zetu: wako mafundi watakaokwambieni mkate ule mguu wa tatu wa plagi, wa waya wa ardhini, ili mvumo uishe. Msikubali. Mguu ule ndio unaokulindeni msipigwe na umeme.

Lakini sauti ilikuwa bado ndogo, na tukiipandisha kwenye mipangilio, ile shshsh inapanda nayo. Hapo akaishika maiki ya madrasa. "Tatizo lililobaki ni hili. Maiki ya aina hii inatoa umeme mdogo mno. Inataka kitu chenye nguvu cha kuikuza, na tundu la waridi halina nguvu hiyo. Kisanduku cha 260,000 kinayo, na hapo yule muuzaji hakukudanganyeni. Lakini ziko maiki zinazokubaliana na tundu hili."

Hiyo ni maiki ndogo ya kubana nguoni, zile zinazotumiwa na wanaotengeneza video. Zina umeme wa kujikuza ndani yake, na tundu la waridi linazipa volti chache zinazozitosha. Tulinunua ya shilingi 15,000. Mkiinunua, tazameni pini yake: ikiwa na mistari mitatu ni ya simu, na kwenye kompyuta ya mezani itataka kiunganishi. Yenye mistari miwili ndiyo inayoingia moja kwa moja. Sisi tulipewa ya mistari mitatu tukarudi kwa miguu juani kwenda kutafuta kiunganishi cha 3,000.

Usiku wa nne na wa tano

Tulirekodi baada ya Isha, maduka yamefungwa na cherehani zimelala. Kariakoo haikai kimya moja kwa moja, maguta ya mizigo hayana usiku, lakini chumba chetu kilikuwa na siri ambayo hatukuijua. Fundi alipiga makofi katikati ya chumba akasema, "Mna studio humu." Majora ya satini, ya shifoni na ya bitana yaliyopangwa mpaka dari yalikuwa yanameza mwangwi. Vile vyumba vitupu vya vigae ndivyo vinavyoifanya sauti iwe ya bafuni. Tukamkalisha shangazi katikati ya majora, tukatundika blanketi mlangoni, tukambania ile maiki kwenye ushungi, upana wa kiganja chini ya kidevu, na tukamwomba avue bangili.

Sipiyu tuliisogeza mbali kwa urefu wote wa waya kwa sababu ya feni yake. Programu tuliyotumia ni Audacity, ambayo ni ya bure. Tukaweka sauti ya njia moja, kwani mdomo ni mmoja.

Shangazi alisema usiku mbili, jumla karibu saa tatu, na yote yalichukua karibu GB 1. Mara ya kwanza aliikodolea macho skrini kama mtu anayepimwa presha. Kisha mmoja wetu akakaa chini mbele yake kama mwari, na hapo akasahau mashine. Akatufunda. Sisi tulioolewa zaidi ya miaka 10 tuliyasikia mambo ambayo siku zetu wenyewe tulikuwa na aibu nyingi hata hatukuyasikia. Kuna pahala alicheka mpaka akakohoa, na kuna pahala alimtaja marehemu mumewe akanyamaza kidogo. Hatukukata hata kimoja.

Tuliposikiliza kwa hedifoni sauti ilikuwa karibu, kama ameketi na wewe mkekani. Lakini tukiwa wakweli, pale aliponyamaza, ile shshsh ndogo ilikuwepo. Ukitafuta utaisikia. Tulijaribu kuiondoa kwa programu, na kidogo inawezekana. Tulipozidisha, sauti ya shangazi ikawa kama ya mtu aliye chini ya maji. Tukairudisha ilivyokuwa.

Jumamosi tulimpeleka bandarini akapanda boti ya asubuhi. Jumatatu tulinunua lasi ya biharusi wa Buguruni, kwa fedha zake, zote.

Yaliyofuata

Flashi ilikwenda Maskat mikononi mwa mama mmoja wa jirani. Binti alitupigia baada ya wiki akasema kasikiliza yote usiku mmoja, na kwamba pale shangazi alipocheka alidhani mama yake yumo chumbani. Hakusema neno juu ya shshsh.

Miezi minne baadaye tulinunua kile kisanduku cha nje kwa faida ya msimu wa Shawwal, kwa kuwa walianza kuja mabinti wengine na masomo wengine. Tulikichomeka, tukarudisha maiki nzito ya madrasa, tukarekodi ukimya. Palikuwa kimya. Tulitazamana.

Kabla ya kumaliza mwaka shangazi alipata kiharusi. Yuko hai, alhamdulillah, anaswali akiwa amekaa, anatujua. Lakini ulimi umekuwa mzito, na somo hafundi tena. Saa zile tatu ndizo tulizonazo, na shshsh yake ndani.

Tumejiuliza mara nyingi kama tulifanya sawa. Juu ya bahasha hatuna shaka, na ingerudi siku ile tungeiacha droo palepale. Kosa letu ni jingine. Siku tulipokuwa tunalipia kile kisanduku, kijana wa ghorofa ya chini anayerekodi kaswida za madrasa alituona nacho akasema, "Lo, mngeniambia tangu zamani. Ninacho kama hicho, usiku kimelala tu." Alikuwa pale siku zote. Siku zile sita tuligombana juu ya kununua au kutonunua, na hakuna kati yetu aliyefikiri kuazima, wala kukodi kwa usiku mbili. Maiki tuliazima bila kujiuliza, lakini kwa kile kitu cha ghali tuliona aibu, tukadhani lazima kiwe chetu.

Huwa tunajipoza kwa kumkumbuka Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, Unguja. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kwenda kurekodiwa, na santuri zile zina mkwaruzo mkubwa kuliko shshsh yetu. Wako dada wanaosikiliza taarabu na wako wanaojizuia, hatufungui mlango huo hapa. Tunasema tu kwamba karibu miaka 100 imepita na sauti ya mwanamke yule bado inasikika, kwa sababu palikuwa na chombo na yeye akasema.

Kwa anayetaka kuchagua

Kama unataka kusikiliza Qur'ani na mawaidha, kuangalia video, kusoma darasa la mtandaoni au kucheza kaswida ukumbini siku ya harusi, sauti ya ndani ya kompyuta inatosha. Ukisikia mvumo ukumbini, anza na soketi na waya kabla ya kuilaumu kompyuta. Ukiwa na laptopu, ichomoe chaji usikilize kama mvumo unaondoka.

Kama unataka kurekodi mtu mmoja karibu, sauti ya ndani na maiki ya kubana inafanya kazi ikiwa umetumia tundu la nyuma, chumba kina vitambaa, na mashine zimezimwa.

Kama una maiki nzito ya chuma, au zile za studio zinazotaka volti 48, hapo sauti ya ndani haitoshi. Unahitaji kisanduku cha nje chenye tundu lake. Hicho pia kinakaa mbali na feni na umeme wa ndani, na kinahamia kompyuta yoyote.

Kadi ya kuchomekwa ndani yenye matundu mengi na 7.1 ni ya watu wa sinema na michezo. Inazungushia spika nyingi chumbani. Haitamsaidia somo wako. Na kabla hujalipa, pima kama inaingia.

Kama unayetaka kumrekodi ni mzee, usisubiri fedha wala kifaa. Uliza jirani, uliza madrasa, kodi. Ukikosa vyote, rekodi na ulichonacho, kwa idhini yake, na ulinde siri yake kama alivyotaka.

Biharusi wa Buguruni aliolewa wiki moja kabla ya Ramadhani. Siku ya kuchukua gauni alikaa katikati ya majora yetu, tukamfungulia dakika 20 za shangazi kwenye hedifoni, mlango umefungwa. Alikuja na mama yake, akampa upande mmoja wa hedifoni, wakasikiliza wote wawili bila kusema.

Tunawaombeni dua kwa shangazi yetu. Allah ampe shifa, atukubalie amana zetu, na awape wari wetu nyumba zenye utulivu. Na wewe dada unayesoma, kama unaye somo, bibi au mama ambaye maneno yake yamo kifuani tu, tuandikie umepanga lini kukaa naye.

Wabillahi tawfiq.